Mchanga Alioniletea Sostenes

Mama Mageni anasema alimwona kwa macho yake mawili. Anasema ndiyo kwanza anatoka kufungulia kuku, kumepambazuka kidogo tu, akamwona mchumba wangu Sostenes anaruka ua wetu na jembe begani. Akaingia bustanini kwangu, akang'oa mchicha, akang'oa chainizi, akang'oa figiri, mpaka miche iliyoota juzi. Anasema alikuwa anang'oa huku anatukana. Alinitaja mimi, akamtaja na Edward wa duka la pembejeo, halafu akatema mate.

"Mate kabisa, Mama Mageni?"

"Mate! Tena mara mbili. Mwanangu Asteria, yule mwanaume ana wivu. Amesikia unachekacheka na Edward dukani."

"Nilikwenda kununua mbegu ya bamia."

"Mbegu ya bamia inachekesha?"

"Edward alisema bamia zake zinaota hata kwenye lami."

"Haya, si ndiyo hayo? Wewe umecheka, watu wameona, habari imemfikia kule machimboni Mwakitolyo."

Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni, kajifunga kanga kifuani, anasikiliza. Alimwacha jirani amalize ndipo akafungua mdomo.

"Jumamosi washenga wake wanakuja kwenye nyumba hii. Nipige simu wasije?"

"Mama, subiri kwanza."

"Nisubiri nini? Mwanaume anayeng'oa mboga leo, mkishaoana atang'oa meno."

Sikubishana na mtu. Nilikwenda kuangalia.

Ua wetu ni wa minyaa, na minyaa hairukwi. Ukiiparamia inavunjika, na ule utomvu ukikuingia jichoni utalia mpaka hospitali. Nilizunguka ua wote, sikuona tawi lililovunjika. Geti letu la bati lilikuwa limefungwa kwa waya wake, waya umezungushwa vizuri kabisa. Matuta ya mbele mboga zilikuwa zimeng'olewa, hilo ni kweli. Lakini na udongo wa juu ulikuwa umekwanguliwa, umebebwa. Halafu tuta la nyuma, la nyanya chungu, halikuguswa hata jani.

Nikasimama pale nikafikiri. Mtu mwenye wivu anang'oa, anakanyaga, anaondoka zake. Udongo anaubebea nini?

Nikampigia Sostenes. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nikamwandikia: "Ni wewe uliyeingia kwenye bustani yangu?" Ikabaki tiki moja.

Sisi wanawake wa mtaa wetu hapa Ngokolo tuna kundi letu kwenye simu, linaitwa Mboga Zetu. Halina mwenyekiti wala katibu. Mtu akiona mdudu kwenye bamia anatuma picha, wenzake wanamwambia apulizie maji ya pilipili. Mtu akipika mlenda ukakataa kuvutika, anatuma sauti analalamika. Mama Mageni alikuwa ameshatangaza habari yangu humo kabla hata sijanawa uso, kwa hiyo haikuchukua muda Zipora akaja. Zipora ni rafiki yangu tangu shule ya msingi. Alikuwa na mimba kubwa, anatembea kwa kujishika kiuno, na mkononi alikuwa na kifurushi cha vipande vya matembele.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, ng'wanawane. Hiyo mimba na jua hili unakwenda wapi?"

"Nimeleta matembele. Mtu ameng'olewa bustani, tumlilie au tumpe mbegu?"

Tukakaa kwenye ndoo zilizofunikwa, mimi, Zipora na Mama Mageni, tunaangalia matuta yaliyo wazi.

"Uyapande ubavu, usisimamishe," Zipora akanielekeza.

"Nani alikufundisha?" Mama Mageni akamdaka. "Matembele yanalazwa tu, wala huchimbi."

"Ubavu na kulaza kuna tofauti gani, Mama Mageni?"

"Ipo. Wewe hujazaa, huwezi kujua."

"Nazaa mwezi ujao, nitakuja kukuuliza."

Tulicheka. Hata mimi nilicheka, na bustani yangu imekaa kama uwanja wa mpira.

"Lakini mchicha wangu mimi siuelewi," Zipora akasema. "Tangu niweke ule mchanga wa Sostenes umedumaa. Nauchuma hivyohivyo. Kliniki wameniambia nile majani kila siku, damu yangu ni ndogo."

"Ongeza samadi."

"Niliongeza."

"Ya ng'ombe au ya kuku?"

"Ya ng'ombe."

"Basi huyo ng'ombe alikuwa mgonjwa," Mama Mageni akamaliza.

Huo mchanga inabidi niueleze. Ardhi yetu hapa ni ya mbuga, ile nyeusi. Ikinyesha inanata kama ugali wa muhogo, ikikauka inapasuka mpaka kidole kinaingia. Ukitaka mboga za majani lazima uichanganye na mchanga na samadi ili ilegee. Nilikuwa nimelilalamikia jambo hilo mbele ya Sostenes. Yeye anachimba kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu kule Mwakitolyo, na kila Jumapili alikuwa anakuja mjini, anasali, halafu anapita kwetu. Jumapili iliyofuata akaja na viroba vya mchanga kwenye pikipiki, mchanga laini, umechekechwa, hauna hata kokoto. Wanaume wengine wanaleta kanga. Mimi niliufurahia ule mchanga kuliko kanga.

Na kwetu kwenye Mboga Zetu kuna desturi moja. Ukipata kitu kipya cha bustani, kabla hujakitumia unawapa wenzako wa nyumba za jirani ndoo mojamoja. Ikiwa mbegu, konzi mojamoja. Ukila peke yako wanasema bustani yako itanuna. Basi Zipora alipata ndoo yake. Mama Mageni alipata mbili, kwa sababu alikuja na ndoo zake mwenyewe.

Siku hiyo ya matembele, wale wawili walipoondoka, simu ikalia. Ujumbe wa Sostenes.

"Aste usile mboga yoyote iliyoota kwenye ule mchanga. Nakuja. Usimwambie mtu."

Nikausoma tena, nikamjibu: "Pitia getini, mchana, watu wakuone."

Akaja jua likiwa bado kali. Akabisha hodi, akamsalimia mama.

"Shikamoo mama."

Mama alikaza kwanza kanga yake. Halafu akaitikia, "Marahaba," kama mtu anayetema mbegu ya chungwa, akaingia ndani na mlango akauacha wazi ili asikie.

Macho ya Sostenes yalikuwa mekundu. Nikamwonyesha matuta.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ulitukana?"

"Nimtukane nani? Nilikuwa naomba Mungu."

"Haya, niambie."

Akachuchumaa, akaokota kijiti, akawa anachora chini.

"Ule mchanga niliuchukua nyuma ya mwalo wa zamani, pale walipokuwa wanaoshea dhahabu. Niliuona laini, nikasema Aste atafurahi. Jana mzee Bujiku akaniuliza, 'Wewe kijana, ule mchanga ulipeleka wapi?' Nikamwambia nimempelekea mchumba wangu, anapanda mboga. Mzee akashika kichwa. Akasema pale ndipo walipokuwa wanakamatishia dhahabu kwa zebaki, miaka na miaka, na maji yake wanamwaga palepale. Zebaki imelala kwenye ule mchanga."

"Zebaki."

"Ndiyo."

"Na sisi tumekula."

"Ndiyo maana niliondoka kule usiku. Nilifika hapa nikataka kubisha hodi, nikamwogopa mama yako. Nikasema niuondoe kwanza, nitasema baadaye."

"Baadaye lini?"

Akaacha kuchora.

"Baada ya Jumamosi. Washenga wakishapita."

Nilimwangalia. Nguo zake zilikuwa na vumbi la njia nzima, na vidole vilikuwa vimechubuka, kwa sababu alikwangua ule mchanga kwa mikono ili asiache chembe. Moyo wangu ulimwendea, sitaficha. Mtu ametoka Mwakitolyo gizani kwa pikipiki ili mimi nisile jani la mchicha.

"Sostenes, umeng'oa kwangu tu?"

"Kwako tu. Kwani uko kwingine?"

"Niligawa."

"Uligawa nini?"

"Mchanga. Kila jirani na ndoo yake, ndiyo desturi yetu. Zipora ameweka, Mama Mageni ameweka."

Alinyanyuka taratibu. Akaangalia upande wa nyumba ya Zipora, akaangalia upande wa Mama Mageni, akarudi kwangu.

"Zipora yule mjamzito?"

"Huyohuyo. Na kliniki wamemwambia ale majani kila siku."

Hapo nilikuwa nangoja neno lake. Nilikuwa nangoja aseme twende. Nilikuwa nimeshashika kanga nijifunge kichwani.

"Aste," akasema kwa sauti ya chini. "Tukae kimya mpaka Jumamosi. Siku chache tu. Mama Mageni akijua, atalitangaza kwenye simu, na washenga wangu hawatapita hata lile geti. Watasema nimewalisha watu sumu."

"Si umewalisha?"

"Sikujua!"

"Jana hukujua. Leo unajua."

"Nitakwenda mwenyewe alfajiri niwang'olee. Kwa Zipora, halafu kwa Mama Mageni. Hawatajua ni nani."

"Utang'oa Ngokolo nzima kama fisi? Na leo jioni Zipora akichuma?"

"Mboga ya jioni moja, Aste! Ameshakula wiki ngapi? Jioni moja itamzidishia nini?"

Mlangoni mama alikohoa.

Nilimwuliza swali moja tu. "Ingekuwa mimi ndiye mjamzito, na mtu anajua, akasema tungoje Jumamosi, ungemfanya nini?"

Akakitupa kile kijiti. Halafu akanishika mkono.

"Nakuomba. Nakupenda. Hii nimeifanya kwa ajili yako."

"Najua. Ndicho kinachonitisha."

Nikautoa mkono, nikajifunga kanga, nikatoka. Hakunifuata.

Zipora nilimkuta jikoni nje, mchicha uko kwenye sinia, umeshakatwa, mafuta yanachemka.

"Epua," nikamwambia.

"Nini tena? Umepata hamu ya mboga zangu zilizodumaa?"

"Zipora, epua kwanza."

Nikamweleza yote, tangu mwalo mpaka zebaki. Sikupunguza, sikuongeza. Alikuwa ameshika mwiko. Nilipomaliza aliuweka chini, akaweka mkono tumboni.

"Nimekula jana," akasema. "Nimekula na juzi."

"Najua."

"Nilikuwa nakula mpaka mchuzi wake, ili damu iongezeke."

"Najua, Zipora."

"Sostenes anajua?"

"Anajua. Aliniomba ninyamaze mpaka Jumamosi."

Akaepua mafuta.

"Na wewe umekuja sasa hivi?"

"Ndiyo kwanza natoka naye."

Akalimwaga lile sinia la mchicha kwenye kiroba, mafuta akayaacha yapoe. Hakulia. Alisema tu, "Nipe mkono nisimame, twende."

Tulipopita kwa Mama Mageni nikamwambia na yeye. Alisimama katikati ya kuku wake mdomo wazi.

"Mimi nilisema wivu," akasema.

"Ulisema na mate."

"Mate sikuyaona vizuri, kulikuwa na giza." Halafu akashtuka. "Ee! Na nyanya zangu je? Ndoo zote mbili nimeweka kwenye nyanya!"

"Usizile, na usimpe mtu."

"Na kuku? Kuku wanadonoa humo!"

"Wafungie."

Kule kliniki nesi alitusikiliza mpaka mwisho. Hakumwambia Zipora kwamba kuna shida, wala hakumwambia hakuna. Alimwambia asiguse tena zile mboga, akamwandikia aende hospitali kubwa akapimwe, akasema awe anarudi kliniki kuangaliwa tena na tena mpaka ajifungue. Zipora alisema asante kama mtu aliyepewa chenji. Bwana afya wa palepale kliniki naye akatuambia ule mchanga tuufunge kwenye viroba, tusiutupe kwenye mfereji wala pale watoto wanapochezea, watakuja kuuchukua.

Jioni ile kundi lilichafuka. Mama Mageni alituma sauti ndefu, safari hii ameeleza kama ilivyokuwa, na mwishoni akasema, "Asteria ndiye aliyesema. Mwanaume alitaka tule." Hakuna aliyetuma kicheko.

Sostenes alinipigia, sikupokea. Akaandika: "Umeniua Aste." Akaandika tena: "Washenga wamesikia. Wamekataa kuja." Hapo nikamjibu: "Zipora bado ana mchanga kwenye matuta yake na hawezi kuinama."

Jumamosi, siku ambayo mama alikuwa awapikie wageni wali na kuku, hakukuwa na mgeni. Jua likiwa limeanza kupanda nikasikia pikipiki. Sostenes aliipita nyumba yetu. Akasimama kwa Zipora, akashusha koleo na viroba vitupu, akavua kofia.

Nilifika pale nikakuta wanawake wameshajaa, kila mmoja amekuja kwa kisingizio chake. Zipora alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni.

"Shemeji, nimekuja kuondoa mchanga," Sostenes akasema.

"Shemeji wa nani?"

"Dada Zipora. Nimekuja kuondoa mchanga. Na kuomba msamaha."

"Anza na mchanga."

Akaanza. Alikwangua tuta moja, akakwangua la pili, jasho linamtoka, wanawake wanaangalia. Mtu mmoja akasema, "Chimba, kaka, dhahabu iko chini hapo." Wakacheka. Hakuinua uso.

"Hapo pembeni umeacha," Mama Mageni akamwonyesha.

"Naona, mama."

"Huoni. Ungeona tusingekuwa hapa."

Alipomaliza kufunga viroba, alikuja mbele ya Zipora akachuchumaa.

"Dada, nilijua ukiwa hujala mboga ya jioni, nikataka ule. Sina neno lingine la kulisema hilo."

Zipora alikuwa anajishika tumbo kwa mikono yote miwili.

"Nisubiri nijifungue," akasema. "Mtoto wangu akiwa mzima nitakujibu. Sasa hivi siwezi. Nenda kwa Mama Mageni, nyanya zake zinakungoja."

Akaenda. Alishinda huko mpaka mchana. Mama Mageni alimpa maji ya kunywa, nilimwona, ingawa alimpa akiwa ameangalia pembeni.

Mama yangu alikuwa anaangalia haya yote kutoka getini kwetu.

"Amekuja mchana," akaniambia. "Mbele ya watu. Baba yako asingeweza, Mungu amrehemu. Wengi hawawezi."

"Amekuja kwa sababu nilisema, mama."

"Na hata hivyo amekuja."

"Nisingesema, leo tungekuwa tunawapakulia washenga wali, na Zipora yuko hapo mlango wa pili anakula mchicha."

Mama akainama. Akachukua ufagio akafagia mahali palipokwisha fagiwa.

Mimi nampenda Sostenes. Nasema hivyo ili mtu asije akafikiri ni rahisi. Najua hata leo, kukiwa na moto, atanitoa mimi kwanza. Ila asubuhi nzima nilikuwa najiuliza, akishanitoa mimi, atarudi ndani kwa ajili ya mwingine, au atasimama nje amenishika mkono, anasema namshukuru Mungu? Nikizaa naye watoto na tukaishi katikati ya watu, hilo ndilo nitakaloishi nalo.

Mchana ule alikuja mpaka getini kwetu, hakuingia. Nguo zote udongo. Nilikuwa nalaza matembele kwenye matuta yangu.

"Asteria."

"Nakusikia."

"Mzee Bujiku amesema yuko tayari kuwa mshenga wangu. Wale wa mwanzo wamekataa, yeye amekubali. Amesema nikuulize wewe kwanza, asije akafukuzwa na umri wake ule."

Niliendelea kufukia kipande nilichokuwa nimeshika.

"Sisemi kesho," akasema. "Zipora akishajifungua. Au lini unapotaka wewe. Naomba tu uniruhusu aje."

Mama alisimamisha ufagio. Kule kwa Mama Mageni hata kuku walikuwa kimya, au labda mwenyewe alikuwa amewanyamazisha ili asikie.

Nikainuka, nikapangusa mikono kwenye kanga, nikamtazama. Alikuwa ameshika bati la geti kwa vidole vile vilivyochubuka, ananingoja.

"Aste. Aje?"